Sekunde 5 ambazo rubani hafai kubishana

Ukiishi Lang'ata, South C au Nairobi West, ndege ndogo za Wilson si habari tena. Zinapita juu ya mabati tangu asubuhi hadi jioni, na wewe hata huinui kichwa. Ni kama honi za mathree: kelele ipo, ila sikio lilishaizoea kitambo.

Asubuhi ya Machi 5, 2024, vichwa viliinuka. Ndege ya abiria aina ya Dash 8, iliyokuwa imetoka tu Wilson kuelekea Diani ikiwa na watu 44, iligongana angani na Cessna 172 ya mafunzo. Dash 8 ilirudi ikatua salama. Cessna ilianguka ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi na waliokuwemo, mkufunzi na mwanafunzi wake, wakafa wote wawili.

Swali ambalo mtu yeyote angeuliza siku hiyo ni hili: kwani ndege hazionani?

Jibu fupi ni kwamba nyingine zinaonana, tena vizuri sana. Ndege kubwa unayoabiri kwenda Mombasa au Dubai ina vifaa viwili ambavyo kazi yao ni kupiga kelele. Kimoja kinachunga ndege nyingine, cha pili kinachunga milima na ardhi. Vimeokoa maisha ya watu wengi wasiojua hata kwamba waliokolewa. Lakini vina udhaifu mmoja: vinaweza tu kuonya. Kusikia ni kazi ya binadamu, na hapo ndipo story inakuwa noma.

Ndege zinavyoulizana

Tuanze na kile cha kwanza. Kinaitwa TCAS, na marubani hutamka "tikasi".

Ndege kubwa zote hubeba transponda, kisanduku cha redio ambacho kikiulizwa swali hujibu chenyewe: mimi ni fulani, niko kimo hiki. Rada za ardhini huuliza swali hilo ili waongozaji ndege waone kila mtu yuko wapi. Tikasi nayo huliuliza, karibu kila sekunde, kwa ndege zote zilizo jirani. Muda ambao jibu linachukua kurudi unaonyesha umbali. Jibu lenyewe linataja kimo. Kisha kifaa kinapiga hesabu.

Hesabu yenyewe unaijua, hata kama ulikimbia Fizikia ukiwa Form Two. Ukitaka kuvuka barabara, hujiulizi gari liko mita ngapi. Unajiuliza litakufikia kabla hujafika ng'ambo au la. Gari lililo mbali linaweza kukugonga likija kwa kasi, na lililo karibu likawa salama kwa sababu limesimama kwenye jam. Tikasi pia haihesabu mita, inahesabu sekunde.

Zikibaki sekunde 40 hivi kabla ya ndege mbili kukaribiana vibaya, sauti inasikika katika chumba cha marubani: "Traffic, traffic." Maana yake ni kaa chonjo, kuna mtu karibu, mtafute kwa macho. Rubani hagusi kitu bado.

Zikibaki sekunde 25 hivi, sauti inaacha kuarifu na kuanza kuamuru. "Climb, climb!" yaani panda. Au "Descend, descend!" yaani shuka. Na kabla ya kutamka hivyo, vifaa vya ndege zote mbili vimeshawasiliana na kugawana njia: wewe juu, mimi chini. Havisemi pinda kulia wala kushoto, kwa sababu tikasi inapima kimo kwa usahihi kuliko inavyoweza kupima upande ambao mwenzake anatokea.

Rubani anatakiwa awe ameanza kutii ndani ya sekunde 5. Kifaa kikibadilisha amri katikati, anapewa sekunde 2 na nusu tu. Haombi ruhusa ya mnara. Anamwarifu mwongozaji kwamba anafuata kifaa, na mwongozaji hatakiwi kumpa amri nyingine mpaka hatari ipite. Mwishowe sauti inasema "Clear of conflict", na abiria huko nyuma anauliza kama bado kuna juisi.

Teknolojia hii haikuja bure. Mwaka wa 1956, ndege mbili za abiria ziligongana juu ya Grand Canyon huko Marekani na watu 128 wakafa. Mwaka wa 1986, ndege kubwa iliyokuwa ikienda kutua Los Angeles iligongana na ndege ndogo ya kibinafsi juu ya mtaa wa Cerritos. Watu 82 walikufa, 15 kati yao wakiwa chini, majumbani mwao. Transponda ya ile ndege ndogo haikuwa ikitaja kimo. Mwaka uliofuata, Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kulazimisha ndege kubwa za abiria kubeba tikasi. Kisha Novemba 12, 1996, karibu na New Delhi nchini India, ndege mbili ziligongana na watu wote 349 wakafa. Hadi leo, hakuna ajali ya kugongana angani iliyoua watu wengi zaidi ya hiyo.

Baada ya hapo dunia ilidhani imepata dawa. Kifaa kipo na sheria ipo, basi yamekwisha.

Usiku ambao sauti zilikuwa mbili

Julai 1, 2002, saa tano na nusu usiku na dakika kadhaa. Ndege mbili zilikuwa futi 36,000 juu ya mji wa Überlingen, kusini mwa Ujerumani. Moja ilikuwa Tupolev kutoka Urusi, iliyobeba watu 69, wengi wao watoto wa shule kutoka mji wa Ufa waliokuwa wakienda likizo Uhispania. Ya pili ilikuwa Boeing 757 ya mizigo yenye marubani wawili.

Anga hiyo iliongozwa kutoka Zürich, Uswizi. Usiku huo kulikuwa na mwongozaji mmoja kazini, mwenzake akiwa amekwenda kupumzika. Alikuwa akihudumia meza mbili peke yake. Mafundi walikuwa wakirekebisha mitambo, kwa hivyo laini kuu ya simu ilikuwa imezimwa, na mfumo wa kumtahadharisha kwenye skrini haukuwa ukifanya kazi kama kawaida. Alipogundua kwamba ndege hizo mbili zinakutana, muda ulikuwa umebaki chini ya dakika moja.

Aliiambia Tupolev ishuke.

Sekunde chache baadaye, tikasi ya Tupolev ikasema panda. Wakati huohuo tikasi ya Boeing ikasema shuka. Marubani wa Boeing wakatii kifaa chao. Marubani wa Tupolev walikuwa na sauti mbili: moja ya binadamu redioni, nyingine ya mashine. Rubani msaidizi alisema waziwazi kwamba kifaa kinasema wapande. Akajibiwa kwamba mwongozaji anawashusha. Wakaendelea kushuka.

Ndege zote mbili zikashuka kuelekea mahali pamoja. Watu wote 71 wakafa.

Na mkasa haukuishia hapo. Mwaka wa 2004, baba mmoja aliyepoteza mke na watoto wake wawili katika ndege hiyo alisafiri hadi Uswizi, akamtafuta yule mwongozaji ndege nyumbani kwake na kumdunga kisu hadi akafa.

Sasa sikia sehemu inayouma zaidi. Miezi 17 kabla ya Überlingen, Januari 2001, jambo lilelile lilikuwa limetokea nchini Japani. Ndege mbili za abiria zilizobeba jumla ya watu 677 zilipishana kwa umbali mdogo kupindukia. Rubani mmoja alikuwa ametii mwongozaji aliyemwambia ashuke, huku tikasi ikimwambia apande. Waliponea kwa sababu aliiona ndege nyingine kwa macho na kuikwepa kwa nguvu kiasi kwamba watu wapatao 100 waliumia. Japani iliomba sheria ya kimataifa iwekwe wazi. Ni baada ya watoto wa Ufa kufa ndipo maandishi yalipobadilishwa yasiache shaka: tikasi na mwongozaji wakitofautiana, fuata tikasi.

Kwa nini umwamini mashine badala ya mtu? Si kwamba mashine ina akili kushinda mwongozaji. Ni kwamba mashine ya ndege yako imeshaongea na mashine ya ndege ile nyingine. Ukitii wewe na mwenzako akatii, mmeachana. Ukijiamulia, umevunja mapatano ambayo mwenzako bado anayafuata.

Adui asiyesonga

Kifaa cha pili kinachunga kitu ambacho hakiwezi kukukimbilia: ardhi yenyewe.

Utadhani ni vigumu ndege nzima, injini zote zikiwaka, kugonga mlima. Lakini ajali za namna hiyo ziliwahi kuwa miongoni mwa zilizoua abiria wengi zaidi duniani. Hakuna kilichoharibika. Rubani ni mzima, ndege ni nzima, na inaelekezwa moja kwa moja kwenye mlima kwa sababu kuna wingu, au giza, au mtu amesikia namba vibaya.

Kenya tunazijua. Julai 19, 2003, ndege iliyokuwa ikiwapeleka watalii Samburu iligonga Mlima Kenya karibu na kilele cha Lenana na watu wote 14 wakafa. Aprili 10, 2006, ndege ya jeshi iliyobeba viongozi waliokuwa kwenye ziara ya amani ilianguka kwenye kilima Marsabit, hali ya hewa ikiwa mbaya. Watu 14 walikufa, akiwemo aliyekuwa waziri wa mashauri ya kigeni Bonaya Godana na wabunge wengine. Juni 5, 2018, ndege ndogo iliyotoka Kitale kuja Nairobi ilipotelea kwenye ukungu wa Aberdare. Watu wote 10 waliokuwemo walikufa.

Nairobi yenyewe ina mtego. Uwanja wa JKIA uko zaidi ya futi 5,300 juu ya usawa wa bahari. Kipimo cha kimo kikimwambia rubani yuko futi 5,000, hayuko juu ya uwanja. Kwa hesabu, yuko chini ya udongo.

Hilo nusura litokee kweli. Septemba 1974, Boeing 747 ya shirika la Uingereza ilikuwa ikija kutua Nairobi. Ilipewa ruhusa ya kushuka hadi futi 7,500. Marubani wakasikia 5,000, wakaweka namba hiyo na kuendelea kushuka mawinguni. Walipotoka kwenye wingu, ardhi ilikuwa papo hapo. Wakavuta ndege juu ikiwa imebakisha futi 70 hivi, kimo cha jengo la ghorofa sita au saba. Hakukuwa na sauti yoyote ya kuwaonya.

Miezi mitatu baadaye, ndege nyingine iligonga mlima karibu na Washington na watu 92 wakafa. Marekani ikaamua: kila ndege kubwa ya abiria ibebe kifaa cha kuonya kuhusu ardhi.

Mtoto aliyetoroka shule

Kifaa kilikuwa tayari, na nyuma yake kulikuwa na mhandisi kutoka Canada aliyeitwa Don Bateman.

Bateman alikuwa na miaka 8 wakati ndege mbili za kijeshi zilipogongana karibu na kwao, Saskatoon. Yeye na rafiki yake walitoroka shule kwenda kuona. Walichokiona huko hakikuwa cha mtoto kuona. Mwalimu aliwaadhibu kwa kuwaagiza waandike ripoti ya yaliyotokea. Unaweza kusema Bateman aliendelea kuandika ripoti hiyo maisha yake yote.

Kifaa chake cha kwanza kilitumia mawimbi ya redio yanayopigwa chini kutoka kwenye tumbo la ndege. Ardhi ikipanda haraka kuelekea ndege, au ndege ikishuka haraka kuelekea ardhi, sauti inapaza: "Pull up!" yaani vuta juu. Ajali zilipungua sana. Lakini kilikuwa na kasoro: kilitazama chini tu, si mbele. Mlima ukiwa mkali kama ukuta, onyo lilikuja umechelewa.

Desemba 20, 1995, ndege ya Marekani iliyokuwa ikienda kutua Cali, Colombia, ilipotea njia usiku kati ya milima. Sauti ilipiga kelele sekunde 12 hivi kabla ya mgongano. Marubani walitii mara moja na kuvuta juu kwa nguvu zote, lakini breki za hewani kwenye mabawa zilikuwa bado zimefunguliwa na zikawapunguzia uwezo wa kupanda. Watu 159 walikufa. Wanne wakapona.

Bateman alitaka kifaa kinachojua mlima uko wapi kabla ndege haijaufikia. Kwa hilo alihitaji ramani ya dunia nzima, kila kilima na kila bonde. Tatizo ni kwamba ramani nzuri kuliko zote zilikuwa siri za kijeshi. Muungano wa Kisovieti uliposambaratika, ramani zake zilianza kuuzwa, na Bateman akawashawishi wakubwa wake wanunue. Kuanzia mwaka wa 1996 ndege zikaanza kubeba kifaa kipya. Kinalinganisha mahali ndege ilipo kwa satelaiti na ramani hiyo, kinapaka milima rangi nyekundu kwenye skrini, na kinaonya ikiwa imebaki dakika nzima hivi badala ya sekunde 12.

Mwaka wa 2011 Rais Barack Obama alimtunuku Bateman nishani ya kitaifa ya teknolojia. Alifariki mwaka wa 2023. Jina lake hulioni kwenye tisheti za vijana, lakini ukishawahi kutua salama usiku kwenye uwanja wenye milima, kuna uwezekano unamdai shukrani.

Mbona mtu asisikie?

Sasa turudi kwa binadamu.

Mei 9, 2012, ndege mpya kabisa aina ya Sukhoi Superjet ilikuwa ikionyeshwa kwa wateja nchini Indonesia. Karibu na Mlima Salak, kifaa kilianza kupiga kelele kwamba kuna ardhi mbele, vuta juu. Rubani alikuwa mzoefu. Hakuwa akiona mlima, kwa hivyo akafikiri ramani ya kifaa ina makosa. Akakizima. Sekunde 38 baada ya onyo la kwanza, ndege iligonga mlima na watu wote 45 wakafa. Wachunguzi walipima baadaye: wangevuta juu ndani ya sekunde 24, wangepona.

Kabla hujamlaumu, jiangalie. Alamu ya simu inalia saa kumi na moja na unaizima mara tatu. Gari linapiga kelele mtu afunge mkanda, na dere anauchomeka nyuma ya kiti ili linyamaze. Simu inakwambia nafasi imejaa, unabonyeza "baadaye" kwa miezi sita. Onyo ambalo halikuwahi kukuumiza linageuka kelele kama zile za ndege za Wilson juu ya bati lako.

Watengenezaji wa vifaa hivi wanalijua hilo. Kifaa kikilia bure mara 10, mara ya 11 hakuna atakayekiamini. Kwa hivyo sehemu kubwa ya kazi yao si kukifanya kilie, ni kukifundisha lini kinyamaze.

Kuna sababu nyingine, nayo inatuhusu vijana zaidi. Ni cheo.

Julai 28, 2010, ndege ya abiria ilikuwa ikijaribu kutua Islamabad, Pakistan, kwenye mvua na ukungu. Rubani mkuu alikuwa na uzoefu wa miaka mingi. Mapema katika safari alikuwa amemkaripia na kumdharau rubani msaidizi kwa muda mrefu. Baadaye alipoiondoa ndege kwenye njia na kuielekeza kwenye milima ya Margalla, kifaa kilionya tena na tena kwa zaidi ya dakika moja. Rubani msaidizi naye alimwambia ageuze, avute juu. Hakunyakua usukani. Watu 152 walikufa.

Mkumbuke na yule rubani msaidizi wa Tupolev. Alisema ukweli. Alisikika. Ila hakuwa mkubwa wa kutosha kuaminiwa.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ndani ya chumba cha marubani, methali hiyo inahitaji nyongeza: mkuu asiyesikia la mdogo huvunja miguu ya wote. Ndiyo maana siku hizi marubani hufunzwa kitu kinachoitwa usimamizi wa timu ndani ya ndege. Mdogo anafunzwa kusema waziwazi, si kwa mafumbo na adabu nyingi, na ikibidi kushika usukani. Mkubwa anafunzwa kutokasirika. Na wote wanarudishwa kwenye simuleta mara kwa mara kusikia sauti ile mpaka mikono itii kabla kichwa hakijaanza kuuliza maswali.

Uzuri wa kifaa ni kwamba hakijui cheo. Hakiogopi kumkosea mtu heshima. Hakiangalii mabega ya shati kuhesabu mistari. Kinasema tu kile kinachokiona.

Ambacho kifaa hakiwezi

Turudi Wilson, maana hapo ndipo tulipoanzia.

Sheria ya kimataifa inadai tikasi kwenye ndege zenye uzito wa zaidi ya kilo 5,700 au zinazobeba abiria zaidi ya 19. Cessna 172 ya mafunzo ina viti 4 na haifikii hata robo ya uzito huo. Ikiwa na transponda inayofanya kazi, kubwa inaweza kuiona ndogo, lakini ndogo haiwezi kuiona kubwa. Na transponda ikizimika, hata kubwa inakuwa kipofu. Septemba 2006, juu ya msitu wa Amazon nchini Brazil, ndege ndogo ya kifahari ambayo transponda yake haikuwa ikifanya kazi iligongana na Boeing 737, na watu wote 154 wa Boeing wakafa. Tikasi hazikusema neno, kwa sababu hakuna aliyejibu swali.

Tena, ndege ikiwa chini sana, futi 1,000 hivi juu ya ardhi, tikasi huacha kutoa amri za kupanda au kushuka. Inajua kwamba karibu na uwanja, kumwambia mtu ghafla afanye hivi au vile kunaweza kumwua kwa njia nyingine. Lakini hapo chini ndipo ndege za mafunzo huzunguka, na ndipo kubwa na ndogo hupishana zikitoka na kurudi. Kinachobaki ni macho, redio na mnara. Wilson ina shule za urubani, ndege za watalii, za miraa, za madaktari, zote zikitumia anga ileile, mbuga upande mmoja na nyumba za watu upande mwingine.

Siku hizi kuna vifaa vidogo, vingine vya kubebwa mkononi, vinavyopokea taarifa ambazo ndege nyingine zinatangaza na kuzionyesha kwenye tableti. Si tikasi na havitoi amri, lakini vinampa mwanafunzi jicho la ziada. Rubani wa ndege ndogo akikuambia anacho, hajionyeshi. Ameamua kutotegemea macho peke yake.

Wewe unaingilia wapi?

Huenda unasoma haya ukiwa unataka kuwa rubani. Wengi wanaota hivyo, na ada ya shule za urubani huwaamsha haraka. Lakini jua kwamba anga haina marubani tu. Kuna waongozaji ndege na mafundi wa mitambo ya ndege, wanaofunzwa hapa Embakasi katika chuo cha East African School of Aviation. Bateman hakuokoa watu akiwa amekaa kwenye usukani. Aliwaokoa akiwa mezani, na kalamu, na ukaidi wa kuuliza kwa nini ajali ileile inarudi.

Na ikiwa huna mpango wowote na ndege, bado kuna siku utakuwa mdogo kazini, na utaona mlima ambao bosi haoni. Useme waziwazi, kwa maneno mafupi, ukirudia kama ile sauti. Na kuna siku utakuwa bosi, umechoka, una uhakika, na kijana wa juzi anakwambia umekosea. Siku hiyo fanya kama rubani: vuta juu kwanza, maswali baadaye. Ukikuta hakukuwa na mlima, umepoteza mafuta kidogo na dakika chache za kuzunguka.

Sikio la kufa halisikii dawa. Wakati mwingine dawa yenyewe ni neno moja tu la mtu mdogo.